Neno Lililoandikwa Juu ya Pakiti

Msomaji, siku utakapotumwa dukani, kama watumwavyo watoto wengi wa Ziwani, itazame chupa ya kinywaji kabla hujailipia. Mbele utaona embe lililopasuliwa, nyama yake yang'aa kama dhahabu. Kisha igeuze. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi, pameandikwa maji, kisha sukari, na huko mwishoni ladha ya embe. Orodha hiyo haikupangwa ovyo, kwani kanuni huamuru kitangulie kilichozidi kwa uzito. Basi embe lililo la kwanza katika picha ni la mwisho katika maandishi.

Je, mwenye kiwanda amesema uongo? Yeye atakana. Hakuandika "juisi", ameandika "kinywaji chenye ladha ya embe", na kwa viwango vya vyakula hayo ni majina ya vitu viwili mbalimbali. Huenda hakimu akamwachilia. Mimi simwachilii. Ajuaye kwamba mnunuzi hutazama picha, kisha akaificha kweli yake mahali pasipotazamwa, amedanganya kwa kuitumia kweli yenyewe.

Utasema kosa ni la asiyesoma. Neno hilo lina nguvu, nami niliye mwalimu ningependa kulishangilia. Lakini aghalabu maandishi yale ni ya Kiingereza, na bibi yako hakukisoma. Tena yapo mambo yasiyosomeka kwa jicho lolote.

Fikiri habari ya unga. Apelekaye mahindi yake kwenye kinu cha posho huziona punje, zilizooza atazichambua. Anunuaye pakiti haoni ila jina. Na jina hilo limebeba mengi: tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini, hata "unga" wa pakiti si tena unga ule wa kinuni. Kadhalika kiwango chasema sumukuvu isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Ni kipimo kidogo mno, lakini sababu yake ni kubwa: mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki ya nchi hii, wengi wao wa Makueni na Kitui, nao walikula mahindi ya nyumbani mwao, yasiyo na pakiti wala jina.

Kwa hiyo mwenye pakiti hujiona salama. Hata hivyo, Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa kuzidi kiwango hicho. Watengenezaji wake walikuwa na kibali cha kupiga alama ya ubora. Mama aliyekuwa ameisoma pakiti yote, mbele na nyuma, hakuwa na namna ya kujua. Unga ukaondolewa madukani. Uliokwisha kusongwa ulikuwa umekwisha kuliwa.