Je, Aliyekataa Kupuliza Amekwisha Kukiri?



Wengi wenu mnayo habari ya lililompata mmoja wa madereva wetu hapa Lyulilo, na mtaa umekwisha kugawanyika makundi mawili kwa ajili yake. Hatutamtaja jina, maana yeye mwenyewe husoma kurasa hizi. Alikuwa akirudi usiku kutoka Kyela baada ya kuwashusha watu wa arusi, akasimamishwa na askari wa trafiki, akaambiwa apulize katika kifaa cha kupimia kilevi. Akakataa. Hakutukana wala hakukimbia. Alisema tu kwamba hajanywa, na kwamba pumzi yake ni yake. Sasa anatakiwa kujibu shitaka, si la ulevi, bali la kukataa.

Jumapili iliyofuata wazee walikaa chini ya mwembe kushauriana kama aendelee kuendesha gari linalochukua kwaya. Mzee mmoja akasema, "Mtu safi haogopi kipimo." Mama mmoja akamjibu kwamba kama ni hivyo, basi kila anayefunga mlango wake usiku ameficha mali ya wizi. Tulicheka, lakini baada ya kicheko hapana aliyekuwa na jibu. Ndiyo sababu tumeona yatupasa kuliandika jambo hili.

Kwanza tuseme sheria ilivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kiwango cha kilevi ambacho dereva asikipite, nacho ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Sheria hiyo hiyo yampa askari uwezo wa kumtaka dereva anayemshuku atoe pumzi ipimwe, na dereva akikataa bila sababu ya msingi, amefanya kosa. Mwenye pumu iliyombana, au aliyevunjika mbavu katika ajali, aweza kuwa na sababu. Lakini angalieni jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Kosa la kukataa ni kosa linalosimama peke yake, wala halimaanishi kwamba mtu huyo amethibitishwa kuwa mlevi. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika. Kwa hiyo wale wanaomwita kijana wetu mlevi wamekwenda mbele ya mahakama.

Tena hapa kwetu twapaswa kuwa waangalifu kuliko watu wengine, kwa sababu wazee wetu wa Unyakyusa walikuwa na kipimo chao. Mtu aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa umwafi, yaani mwavi. Akiutapika, alikuwa safi, usipotoka, amepatikana. Je, anayekataa kikombe kama kile asemeje hata asikike? Hofu yake yenyewe yageuzwa kuwa ushahidi. Serikali za kikoloni zilipiga marufuku mambo hayo, nasi hatuyalilii. Lakini ile fikira kwamba anayekataa kipimo amejihukumu mwenyewe haikufa pamoja na umwafi. Tuliisikia chini ya mwembe. Wala tusiwacheke wazee wetu. Someni Hesabu sura ya 5, mwone habari ya mwanamke aliyeshukiwa na mumewe na maji machungu aliyonyweshwa.

Kifaa cha trafiki, hata hivyo, si umwafi. Hakimdhuru anayekitumia, na jibu lake laweza kupimwa tena kwa njia nyingine. Aidha hakimuulizi mtu neno lolote. Hapo ndipo tunapoona kijana wetu amechanganya mambo mawili. Mtu hapaswi kulazimishwa kujishuhudia mwenyewe kwa kinywa chake, na hiyo ni haki kubwa, maana watu wengi waliwahi kuteswa ili wakiri mambo ambayo hawakuyatenda. Pumzi lakini si neno. Haiwezi kusema uongo ili kumpendeza mpigaji, wala haikiri kwa hofu. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua mwaka 2016 kwamba dereva aliyekamatwa kwa ulevi aweza kutakiwa kupuliza bila hati ya hakimu, lakini damu yake isichukuliwe hivi hivi. Sababu mojawapo ni kwamba pumzi hutoka hata hivyo, na damu hubaki mikononi mwa serikali na siri nyingi za mwili ndani yake. Tunaona kuna busara katika kupambanua hivyo.

Lakini kwa nini kukataa kuwe kosa? Si afadhali mtu aachwe, kisha ashitakiwe kwa jinsi alivyoendesha? Waingereza walijiuliza jambo hili kabla yetu. Kipimo cha pumzi kilipoanza kwao Oktoba 1967, waziri aliyekuwa akisimamia usafiri ni mama Barbara Castle, ambaye yeye mwenyewe hakuwa dereva, na wanywaji walimsema sana kwa hilo. Sheria yao iliagiza kwamba anayekataa kutoa damu au mkojo kituoni bila sababu ya haki apewe adhabu ile ile ya aliyekutwa amepita kiwango. Waliona kwamba adhabu ya kukataa ikiwa nyepesi, kila mlevi mwenye akili atakataa, na atakayepuliza ni mnyofu peke yake. Hapo sheria itakuwa imewatoza wanyofu na kuwasamehe wajanja.

Hata hivyo anayetaka pumzi ya mtu naye amefungwa. Jirani zetu wa Kenya walitunga kanuni za kifaa hicho mwaka 2011, na mwaka 2013 kikatokea barabarani, wenyewe wakakiita Alcoblow. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ikazikataa kanuni hizo, kwa kuwa zilikwenda mbali kuliko Sheria yenyewe ya Barabara, ambayo ilizungumzia mtu asiyeweza kuliongoza gari sawasawa. Majaji hawakusema kwamba ulevi ni ruhusa. Walisema anayeshika sheria mkononi naye aishike sheria. Kijana wetu alituambia kwamba hofu yake haikuwa kilevi, bali aliogopa kugeuzwa kitega uchumi cha mtu usiku gizani. Hatuwezi kusema hofu hiyo imetoka hewani. (Sisi tungependa askari apulize kwanza mbele ya dereva, wote waone kifaa kinasoma sifuri. Hakuna sheria inayomlazimisha, ila ingeondoa ugomvi mwingi.)

Sasa turudi nyumbani. Siku za Jumamosi, akina mama Wakisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na sote twajua namna ya kununua chungu. Unakiinua, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Kikilia vizuri, kizima. Kikitoa sauti ya mkwaruzo, kina ufa. Tuseme muuzaji akushike mkono na kusema, "Usigonge chungu changu." Je, amethibitika kuuza chungu chenye ufa? La. Pengine amechoka tu kugongewa vyungu tangu asubuhi na watu wasionunua. Chungu ni chake, na hata kumwita mdanganyifu huwezi. Lakini utatia maji ya watoto wako katika chungu hicho?

Tangu lami ilipofika Matema, magari huja kwa kasi ambayo barabara ya vumbi haikuiruhusu, na watoto wetu hupita kandokando yake kwenda shule. Pumzi ya mtu aliyekaa nyumbani kwake na kibuyu chake cha komoni ni yake, na atakayemwomba apulize tutamfukuza sisi wenyewe. Aliyeshika usukani amechukua pumzi za wengine pamoja na yake. Wanakwaya ishirini wamelala nyuma yake, na kuna mtu wa baiskeli asiye na taa ambaye hajamwona bado. Hao ndio wanaokigonga chungu, na askari ni kidole tu.

Kwa hiyo tulisema mambo mawili, na hayakumpendeza mtu yeyote. Tulisema kwamba asiitwe mlevi katika mtaa huu na yeyote, awe mzee au kijana, nasi tunaamini neno lake kwamba hakunywa. Tulisema pia kwamba hataendesha gari la kwaya mpaka shauri lake liishe, na mpaka atuambie wenyewe kwamba akisimamishwa tena atapuliza.

Hilo la pili hajalisema. Alisikiliza, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza ya mhazini, akaenda kukaa na wanaume wenzake wa sauti ya nne kama kawaida. Kwaya inatakiwa Tukuyu mwezi ujao, na dereva mwingine bado hatujampata.