Sarafu Niliyoiuza kwa Soda Mbili

Pale Posta, Dar es Salaam, kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa juu ya turubai, nilikuta kitabu cha David Sear kuhusu sarafu za Kirumi na thamani zake. Jalada limelegea, na mwenyewe wa kwanza alikwisha tia alama za penseli kando ya sarafu alizozipata. Sarafu ya Kirumi sijawahi kuishika. Nilikinunua kwa ajili ya zile alama. Mtu alikaa na kitabu hiki miaka, akihesabu alichonacho na alichokikosa.

Wakusanyaji huusiana kununua kitabu kabla ya sarafu. Mimi nilianza kwa kuuza.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, nimekwenda likizo kwa bibi, Kilwa Kisiwani. Masika yakipiga, udongo wa magofuni humomonyoka, nasi watoto tuliokota shanga, vigae na, ukibahatika, kisarafu cha shaba chembamba kama ganda. Nilipomwonyesha bibi kile changu, alisema, "Mjukuu wangu, kirudishe ulipokitoa. Hicho kina wenyewe." Sikukirudisha. Nilimuuzia mgeni mmoja kwa bei ya soda mbili, na hata hizo sikuzimaliza.

Baadaye rafiki alinipa nakala ya kazi ya John Walker wa British Museum, aliyoichapisha mwaka 1936, kuhusu sarafu za masultani wa Kilwa. Humo nilijua nilichouza. Upande mmoja jina la Ali bin al-Hasan, upande wa pili kwamba anamtegemea Mola wa neema, na kwa Kiarabu pande hizo mbili zina vina: Hasan, minan. Sultani wa pwani hii alitia vina kwenye pesa! Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza.

Maana sarafu hizo hazina mwaka. Ya Kirumi huwa na kaisari na vyeo vyake, msomaji akakisia miaka. Ya Kilwa hutegemea ilipolala na ilichokuwa nacho. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwamo zenye jina la Ali, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Hizo dinari zina tarehe, na ndizo zilizowasaidia wataalamu kumweka Ali bin al-Hasan katika karne ya 11, baada ya kuvutana sana juu ya zama zake. Shaba nyingine, ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, ilikutwa Great Zimbabwe. Mfukoni mwa mnunuzi ingekuwa kipande cha shaba tu. Pale ilipokutwa, inasimulia njia ya dhahabu kutoka bara hadi pwani.

Kitabu cha Sear kinanipa kaisari, maandishi, mara nyingi na mji sarafu ilikopigwa, kisha bei. Ilikookotwa hakisemi. Simlaumu, ameandikia wanunuzi, na kwa kazi hiyo ni mwalimu mzuri.

Bei ya kisarafu changu hainisumbui. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba nimeshika penseli niandike pembeni mwa nakala ya Walker mahali nilipokiokota, na mkono hauandiki. Chini ya ngome ya Gereza, maji yalipokupwa? Au nyuma ya ule msikiti mdogo wa kuba? Bibi angejua. Alikuwa akiniita kutoka mlangoni.