Dhamiri Iliyojificha

Tarehe 17 Machi 2005, mjini Kiel, Baraza la Jimbo la Schleswig-Holstein kaskazini ya Ujerumani lilipiga kura mara nne juu ya mtu mmoja, na mara nne mtu huyo akakosa cheo alichokuwa amekishika tangu mwaka 1993. Mtu huyo alikuwa Heide Simonis, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa Waziri Mkuu wa jimbo katika Ujerumani.

Alizaliwa Bonn mwaka 1943, akasoma elimu ya uchumi na kufuzu mwaka 1967. Kabla ya siasa alifundisha Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Zambia mjini Lusaka, kisha akaishi Tokyo. Mwaka 1976 aliingia Bunge la Shirikisho kwa chama cha Sosial Demokrati, na mwaka 1988 akakabidhiwa hazina ya Schleswig-Holstein. Kazi hiyo, kama ajuavyo kila aliyepata kushika funguo za ghala, haimletei mtu marafiki wengi. Mkuu wake, Björn Engholm, alipojiuzulu mwaka 1993 kwa kuwa hakusema kweli mbele ya kamati ya uchunguzi, Simonis aliwekwa mahali pake.

Uchaguzi wa Februari 2005 uliacha hesabu nyembamba kama uzi. Baraza lilikuwa na wajumbe 69. Sosial Demokrati 29, Chama cha Kijani wanne, na wawili wa chama cha Wadenishi wachache wa jimbo hilo, ambao waliahidi kuiunga mkono serikali bila kuingia ndani yake: jumla 35. Upande wa pili walikuwa 34. Kura ilikuwa ya siri. Mara ya kwanza Simonis alipata 34, mpinzani wake Peter Harry Carstensen 33, na wawili hawakumchagua yeyote. Mara tatu zilizofuata zikawa 34 kwa 34, na mmoja hakuchagua. Mmoja huyo hakujitokeza kamwe. Simonis alifariki mwaka 2023, na jina halijatajwa.

Je, mtu huyo alitenda haki au alifanya hiana?

Anayo hoja ya kujitetea. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, katika kifungu cha 38, yasema kwamba mjumbe wa Bunge hafungwi na amri ya mtu, hutii dhamiri yake tu; na majimbo yamefuata njia iyo hiyo. Yamkini aliona kwamba serikali iliyosimama juu ya kura moja haifai kusimama. Mkono wa chama ni mrefu, na siri ni ngao ya mnyonge.

Lakini ngao hiyo ilifuliwa kwa ajili ya raia, ambaye hana wa kumhesabia kura yake. Mjumbe ni wakili. Amana aliyonayo ni ya wengine, na mwenye mali ana haki ya kuuliza ilivyotumiwa. Tena kuna jambo la mara nne. Karatasi ya kwanza yaweza kuitwa onyo. Baada yake alikaa na wenziwe waliokuwa wakitazamana kwa shaka, akanyamaza, akarudi kutenda vile vile. Siri ilikuwa imekwisha kugeuka uwongo, maana kimya chake kiliwatwisha tuhuma watu 34 wasio na kosa.

Na nani athibitishe kwamba ilikuwa dhamiri? Mwaka 1972 Bunge la Bonn lilishindwa kumwondoa Willy Brandt kwa upungufu wa kura mbili, na mwaka uliofuata mjumbe wa upinzani, Julius Steiner, alikiri kupokea mark 50,000. Ndani ya sanduku, karatasi ya mwenye imani na ya aliyenunuliwa hazina tofauti.

Katika jimbo la Hessen mwaka 2008 wajumbe wanne wa Sosial Demokrati walisimama hadharani, siku moja kabla ya kura, wakasema hawatamchagua kiongozi wao Andrea Ypsilanti. Mmoja wao, Dagmar Metzger, alikuwa amekwisha kusema hivyo tangu Machi. Walitukanwa, na siasa yao ikaishia hapo. Ni vigumu kumdai kila mtu ushujaa wa bei hiyo; hata hivyo waliweza kuulizwa na kujibu.

Matokeo nayo hayaamui neno. Ernst Albrecht, mwanauchumi mwingine, alipata uwaziri mkuu wa Niedersachsen mwaka 1976 kwa kura za wasaliti wasiojulikana, na mwaka 1978 raia wenyewe wakampa wingi kamili. Alitawala hadi 1990.

Tarehe 27 Aprili 2005 vyama viwili vikubwa vya Kiel viliungana, na Carstensen akachaguliwa. Karatasi ziligawiwa tena, kwa siri, katika ukumbi ule ule. Na yamkini yule wa thelathini na tano alichukua yake kama wenziwe, akaikunja, akaitia sandukuni.