Treni Ingeondoka Tu

Mji wa Kikuyu una stesheni ya reli na una kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Reli ndiyo iliyotangulia: ilitoka Mombasa, ikafika Nairobi 1899, ikapita hapa ikielekea Kisumu, ilikofika 1901. Siku hizi treni ya abiria huteremka kutoka Kikuyu, ikapitia Dagoretti na Kibera hadi tauni. Ndani yake utamkuta fundi, mama anayeenda Gikomba kuchagua mitumba, na komredi mwenye kitabu cha falsafa.

Tuseme huyo komredi amesota, na amepanda bila tiketi. Kondakta akija huku, yeye anahamia behewa lile. Ukimuuliza, jibu analo: treni ingeondoka tu, niwe ndani nisiwe ndani. Sijaongeza hata tone la dizeli. Sasa nimemwibia nani?

Hoja hii si ya kuchekwa. Jibu la kwanza linalonijia ni la Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba tutende tu kwa kanuni ambayo tungetaka iwe sheria ya wote. Wote wakikataa kulipa, treni itasimama. Bandu bandu huisha gogo. Lakini komredi atacheka: "Wote hawatafanya hivyo, bana. Wengi watalipa."

Hapo ndipo anajikamata mwenyewe. Safari yake ya bure imekalia tiketi ya yule mama wa mitumba. Anahitaji mama awe mwaminifu ili yeye asiwe. Wenye reli huenda wasihisi kitu. Aliyekosewa ni jirani yake wa kiti.

Atasema: kwani wakubwa hawaibi mabilioni? Wapo wanaoiba. Lakini wasikilize: serikali itaendelea tu, hazina haitaisha kwa haka kadogo kangu, na walipa ushuru wapo. Ni hoja ileile, ila hii imevaa suti. Karani wa kesho na waziri wa kesho wako kampasi leo, na tabia ya kujihesabu nje ya sheria haianzii ofisini.

Je, nauli yenyewe ni haki? Hilo ni swali lingine, tena zuri. Luxembourg usafiri wa umma ni bure tangu Machi 2020, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Gharama inabebwa na kodi. Huko kupanda bila tiketi si kumkosea mtu, kwa sababu nchi iliamua hadharani kuubeba mzigo pamoja. Tukitaka hivyo hapa, tudai. Kumhepa kondakta si kudai. Ni kujitungia sheria yako na kuwaachia wengine bili.

Na yule aliyesota kabisa, ana intavyuu tauni saa tatu? Kwangu, kuomba na kuhepa si kitu kimoja. Anayesema "Mama, naomba unisaidie na nauli, sina" anaona aibu kidogo, lakini amekubali kwamba kiti kina bei na kuna mtu anailipa. Mama anaweza kukubali au kukataa. Anayehepa amemlipisha mama bila kumuuliza, kisha akakaa kando yake na kumwamkia shikamoo.