Kipawa na Karo ya Watoto



Liko jambo linalowafanya mume na mke walale wakipeana migongo, nalo si ulevi wala uzinzi. Mume ni karani mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, lakini moyo wake uko kwenye kinanda na nyimbo anazotunga. Au mke ni mwalimu, na kila jioni vidole vyake vinatamani brashi na rangi. Siku moja anasema, "Nataka kuacha kazi nifuate kipawa changu." Mwenzake anajibu, "Na karo italipwa na nani?" Tangu hapo nyumba inakuwa baridi.

Ndugu msomaji, ni nani mwenye haki? Tusikimbilie kuhukumu.

Kwanza, kipawa si mchezo. Soma Kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza roho yake, si ili ahubiri wala apigane vita, bali afanye kazi ya dhahabu, achonge mawe na mbao. Basi wewe unayesema sanaa ya mwenzako ni upuuzi, angalia usije ukamdharau aliyeitoa. Na yule mtumishi wa Mathayo 25 hakulaumiwa kwa kupata hasara. Alilaumiwa kwa kuifukia talanta yake.

Pili, nyumba nayo si mchezo. Mtume Paulo anamwonya Timoteo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Tim 5:8). Paulo mwenyewe alishona mahema kule Korintho huku akihubiri (Mdo 18:3). Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye alizishika zote mbili, kwa sababu alijua ipi inaitumikia nyingine.

Mtazame pia Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Akiwa kijana huko Kraków, Polandi, wakati wa vita, alivunja mawe machimboni kuanzia mwaka 1940, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha kemikali. Baada ya kazi aliigiza michezo kwa siri majumbani mwa watu. Hata alipokuwa askofu hakuitupa kalamu: mwaka 1960 ulichapishwa mchezo wake wa kuigiza juu ya ndoa. Na siku ya Pasaka ya 1999 aliwaandikia wasanii barua, akifundisha kwamba si wote walioitwa kuwa wasanii, lakini kila mtu amekabidhiwa maisha yake ayatengeneze yawe kazi bora ya sanaa. Basi mchongaji anayepasua ndoa yake ili apate nafasi ya kuchonga, ameharibu gogo lililo bora kuliko yote.

Tufanyeje? Usiache kazi kwa siri. Ninyi ni mwili mmoja (Mwa 2:24). Barua ya kuacha kazi ikiandikwa na mkono mmoja, njaa itauma matumbo yote. Kaeni jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mchukue daftari. Andikeni karo, kodi ya nyumba, chakula na madeni. Kisha andikeni kipawa kimeleta shilingi ngapi mwaka uliopita, bila kutia chumvi. Tengeni siku moja ya wiki iwe ya kipawa, na mwenzako asikutume sokoni siku hiyo. Kikilipa karo ya muhula mmoja, na wa pili, na wa tatu, zungumzeni upya. Kisipolipa, bado mtamsifu Mungu nacho parokiani na katika jumuiya. Kipawa kisicholeta fedha si kipawa kilichozikwa.

Halafu uliza swali ambalo wengi hawaulizi: "Na wewe, tulipofunga ndoa, ni kipawa gani ulikiweka kando ili mimi nisonge mbele?" Mara nyingi mke aliimba, alifuma, alisuka vyondo, akaacha bila yeyote kugundua. Kutoka 35 yasimulia kwamba wanawake wenye ustadi walisokota nyuzi wakazileta. Bezaleli hakuitengeneza Hema ya Mungu peke yake.

Salini pamoja kabla ya kuamua. Mungu aliyekitoa kipawa ndiye aliyewaunganisha altareni, naye hawezi kujipinga mwenyewe.