Waliotangulia Kunywa

Somo: Ezekieli 34:17–22

Wapendwa, nabii Ezekieli anapotangaza hukumu ya Mungu kati ya kondoo na kondoo, anaanza na jambo ambalo wengi wetu tusingelipeleka hata kwenye baraza la wazee. Kondoo wenye nguvu wametangulia malishoni, wamekula wakashiba. Wametangulia majini, wamekunywa maji safi. Hadi hapo hawana kosa; Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa kiu. Kosa linaanzia hapa: majani yaliyosalia wameyakanyaga, maji yaliyosalia wameyavuruga kwa miguu, na wenzao wanaokuja nyuma wanakuta tope. Mungu anawauliza kama wanaliona hilo kuwa jambo dogo.

Somo hili limenikaa moyoni tangu niliporudi kwenye mto Ruaha Mkuu mwishoni mwa kiangazi. Tuliokulia Iringa tunaukumbuka mto ule pale Ibuguziwa enzi za kivuko, kabla ya daraja: maji mapana yenye nguvu, viboko wakikoroma kutwa kucha, nasi watoto tukikatazwa kusogea ukingoni. Kwangu mimi palikuwa mahali pa kwanza nilipomcha Mungu bila kuambiwa na mtu. Safari hii nilikuta mchanga. Tembo walikuwa wakichimba kwa miguu na mikonga kutafuta maji chini ya mchanga. Viboko walisongamana katika dimbwi la tope la kijani, na upepo ulileta uvundo wa samaki waliokufa. Nililia. Sioni haya kuwaambia, kwa sababu Maandiko yametutengea kitabu kizima cha Maombolezo, na anayeulilia mto wa Mungu hajapungukiwa imani.

Lakini tusikimbilie kusema ni ukame tu. Kabla ya 1993 mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu hapo umekuwa ukikatika kila kiangazi, wiki kadhaa au miezi. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera ingali inashuka kutoka nyanda za juu hadi tambarare ya Usangu. Huko maji hukusanyika katika bwawa la asili la Ihefu, kisha hutoka kwa kupita juu ya mwamba wa Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba ule, hakuna tone linalovuka kuja Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ndivyo ilivyo, wala hakuna siri.

Maji yanaishia wapi? Mengi yanaishia kwenye mpunga. Kuna mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, na kuna mabanio mengi ya wakulima wadogo, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya mto mashambani. Mpunga si dhambi. Umesomesha watoto na kujenga makanisa. Kinachoniumiza ni maji ya kiangazi. Mavuno yamekwisha, mpunga umeshaingia ghalani, lakini banio linaachwa wazi, na maji yanatandaa kwenye majaruba matupu mpaka jua linayakausha. Hayo hayakumnufaisha mkulima, na wa chini hawakuyapata. Ezekieli angeyatambua mara moja.

Lakini kwa kukauka huko, wafugaji wa Usangu ndio waliobebeshwa lawama nzito kuliko wote. Mifugo yao iliondolewa kwa wingi mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka. Nadhani tulipaswa kuwaomba radhi watu wale, maana familia zilihama na ng'ombe wao bila kujua pa kwenda, na makanisa yetu mengi yalinyamaza.

Nanyi ndugu zangu wa Usangu, najua mfereji mnaolaumiwa kwa ajili yake ndio kisima cha mama wa kijijini. Anachota humo maji ya kunywa, ya kufulia na ya kumwogeshea mtoto. Ukifunga banio bila kumfikiria yeye, umemwondolea uonevu kiboko ukamtwisha mama huyo. Kwa hiyo wale miongoni mwenu mlio katika jumuiya za watumia maji, wengine mkiwa pia wazee wa kanisa, nawasihi mlizungumze jambo hili kabla ya mavuno: ni banio gani lifungwe, lini, na kijiji kipi kitabaki bila maji likifungwa.

Sisi wa mijini tunakula wali wa Mbarali na kuwasha taa kwa umeme wa Mtera na Kidatu, mabwawa yanayoutegemea mto huohuo. Tumekunywa pamoja na waliotangulia. Naomba mabaraza ya wazee ya sharika zetu yakubali kutenga sehemu ya sadaka ya mavuno mwaka huu itumike kuchimba visima katika vijiji vinavyotegemea mfereji, ili banio likifungwa mwezi wa saba asiwepo mama anayekosa maji ya kupikia.