Kiapo cha Nyota na Ramani ya Herschel



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, katika Suratul-Waaqi'a Allah ameapia mawaaqi'i ya nyota, na akatujulisha ukubwa wa kiapo hicho. Wafasiri wametofautiana: wako waliosema ni mahali zinapokaa au kuchwea nyota, wako waliosema ni Qur'ani yenyewe ilivyoteremka mafungu kwa mafungu. Lakini siku hizi, kila ikitoka habari mpya ya anga, hakosi mtu wa kuisambaza kwenye simu akisema, "Hii ndiyo maana ya aya!" Hapo tusimame kidogo.

Mwaka 1785, kule Uingereza, William Herschel alichapisha ramani ya galaksi yetu. Alielekeza darubini sehemu zaidi ya 600 za anga akahesabu nyota, dada yake Caroline akimwandikia. Alichukulia kwamba nyota zimetawanyika sawasawa, na kwamba darubini yake inafika ukingoni mwa galaksi. Basi penye nyota nyingi akasema galaksi imeenda mbali, penye chache akasema ukingo uko karibu. Jua likatokea karibu na katikati. Kuhesabu alihesabu vizuri. Dhana zile mbili ndizo zilizompoteza. Baadaye, kwa darubini kubwa zaidi, aliona nyota ambazo mwanzo hazikuonekana, na mwenyewe akaziacha dhana zake. (Laiti midahalo yetu ingekuwa na watu wa namna hiyo!)

Mwaka 1918 Harlow Shapley alionyesha kuwa Jua liko mbali na katikati; leo inakadiriwa ni miaka ya nuru 26,000 hivi. Mwaka 1930 Robert Trumpler akabainisha kuwa vumbi lililo baina ya nyota hufifiza mwanga wake. Chombo cha Gaia, kilichorushwa 2013, kimepima nyota karibu bilioni 2, na hizo ni sehemu ndogo tu ya zilizomo.

Sasa fikiria mhubiri wa mwaka 1785 aliyeapa mimbarini kuwa aya inathibitisha ramani ya Herschel. Ramani ilipoanguka, waliomwamini wangeshika nini? Qur'ani haikukosea; yeye ndiye angekuwa ameibebesha asichokijua.

Mwenzako wa fizikia akikuuliza maana ya aya hii, mtajie kauli za wafasiri, na umwambie wazi kuwa ni zaidi ya moja. Kisha muulize yeye modeli yake imejengwa juu ya dhana gani.

Wallahu a'lam.